Kupanga Nguo za Safari ya London Mwezi Oktoba: Mwongozo Kamili kwa Anayetoka Kwenye Joto

Mara ya kwanza nilipokwenda London, mwezi Oktoba, nilibeba koti moja zito la kufika magotini, jinzi tatu na fulana za mikono mifupi. Niliamini koti lile linatosha. Siku ya pili nilipanda treni ya chini ya ardhi, njia ya Central, watu wamebanana, nikaloa jasho hadi mgongoni. Niliposhuka na kutokea juu barabarani, upepo ukalikuta jasho lile. Nilitetemeka mpaka nyumbani kwa dada yangu, East Ham, na usiku ule koo likaanza kuwasha. Siku nne kati ya saba nilizopangiwa kutembea nilizimaliza kitandani na chai ya tangawizi.

Nimerudi London mara kadhaa tangu hapo, zote kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Novemba, na sijaugua tena. Siku hizi begi langu ni jepesi kuliko lile la kwanza. Ninayoeleza hapa ni ya mtu anayetoka Dar es Salaam, Mombasa, Unguja au Bujumbura kwenda kutembea jijini kwa wiki moja. Wa Njombe na Limuru nao watapata chao, ingawa wao wameshaizoea nusu ya somo.

Hatua ya 1: Ijue Oktoba ya kule

Neno lenyewe linaweza kukupotosha. Majira ya majani kupukutika vitabu vingi huyaita vuli, na kwetu pwani vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba: wingu linajikusanya, inapiga saa moja, jua linarudi, nguo zinakauka kambani. London haiendi hivyo. Kwa mwaka mzima jiji lile hupata mvua ya milimita 600 hivi, wakati Dar es Salaam huvuka 1,000. Tofauti iko kwenye namna inavyonyesha. Kule ni manyunyu. Yanaanza asubuhi, yanaacha, yanarudi ukiwa katikati ya daraja, yanaacha tena, na katikati ya vipindi hivyo hakuna jua la kukukausha.

Joto la mchana mwezi Oktoba kwa kawaida ni nyuzi 15 au 16, na usiku hushuka hadi 8 au 9. Wastani huo usikupe imani kupita kiasi. Tarehe 1 Oktoba 2011, Gravesend, mji ulio mashariki ya London, ulifika nyuzi 29.9, joto la Dar kabisa. Na tarehe 28 Oktoba 2008 theluji ilianguka London ikatulia juu ya magari na mapaa, jambo ambalo jiji halikuwa limeliona mwezi huo kwa zaidi ya miaka 70. Siku za namna hiyo ni chache, lakini kupanda na kushuka kwa nyuzi saba au nane ndani ya wiki moja ni jambo la kawaida, na ndilo unalolipangia nguo.

Angalia pia mwanga. Mwanzoni mwa Oktoba jua huzama baada ya saa 12:30 jioni, karibu sawa na kwetu. Jumapili ya mwisho ya mwezi saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na kufikia tarehe 31 jua linazama kama saa 10:35 jioni. Ukisafiri wiki hiyo ya mwisho, sehemu kubwa ya matembezi yako ya jioni itakuwa gizani, na baridi ya giza huingia haraka. Anayekwenda mwanzoni mwa mwezi na anayekwenda mwishoni hawapangi begi moja.

Hatua ya 2: Soma utabiri kama mvaaji

Fungua utabiri wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, siku tano kabla ya safari. Kabla ya hapo usijisumbue sana, utakuwa unabadilisha begi kila siku. Tazama mambo matatu, na yote matatu uyatazame saa kwa saa: joto linalohisiwa mwilini, kasi ya upepo, na uwezekano wa mvua. Watu wengi husoma namba kubwa ya mchana tu. Siku ya nyuzi 14 isiyo na upepo unaweza kukaa bustanini na sweta. Siku ya nyuzi 14 yenye upepo wa maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32, utatafuta ukuta wa kujibanza. Wao huandika upepo kwa maili, kwa hiyo usidhani 20 ni ndogo.

Tangu mwaka 2015 dhoruba kubwa kule hupewa majina ya watu. Ukisikia dhoruba yenye jina inakuja wiki yako, acha mwavuli nyumbani na tegemea koti lenye kofia. Oktoba ina historia ya upepo: usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987 dhoruba iliangusha miti inayokadiriwa kufika milioni 15 kusini mwa Uingereza.

Hatua ya 3: Vaa kwa tabaka, na kila tabaka liweze kusimama peke yake

Hapa ndipo penye kiini cha mwongozo wote. Kwa siku moja London unapita kwenye hali tatu au nne za hewa. Nyumbani na madukani kuna mashine za kupasha joto, ni nyuzi 20 au zaidi. Barabarani ni 11. Ndani ya treni za chini kabisa, kama Central na Bakerloo, kuna fukuto hata Oktoba, kwa sababu udongo wa mfinyanzi unaozunguka mahandaki umekuwa ukifyonza joto la treni kwa zaidi ya miaka 100 na hauna tena nafasi ya kulimeza. Kisha unatokea ukingoni mwa mto Thames, upepo haukatwi na chochote. Hakuna nguo moja inayofaa kote huko. Zinafaa nguo tatu unazoweza kuvua na kuvaa ukiwa umesimama kwenye foleni.

Tabaka la ngozi. Fulana ya mikono mirefu, nyembamba, inayoushika mwili bila kubana. Ya sufu nyepesi ni bora kuliko zote, ya polista ya mazoezi inafaa, ya pamba tupu inakuja mwisho. Pamba tunaipenda kwetu kwa sababu inakunywa jasho. Kule sifa hiyo ndiyo ubaya wake: ikishakunywa jasho haikauki, inabaki baridi mgongoni kama kitambaa cha maji.

Tabaka la joto. Sweta, au jaketi la manyoya bandia lenye zipu ya mbele. Msisitizo uko kwenye zipu. Sweta ya kuvalia kichwani ni nzuri ukikaa mezani, lakini ndani ya treni huwezi kuivua bila kumpiga jirani kiwiko. Zipu unaifungua kwa mkono mmoja, mwingine umeshika nguzo. Mimi hubeba sweta mbili, moja nyembamba ya sufu na moja nene ya zipu, na siku ya baridi kali nazivaa zote mbili.

Tabaka la nje. Koti lisilopitisha upepo wala maji, jepesi, lenye kofia. Lisiwe na jukumu la kukupasha joto. Hiyo ni kazi ya sweta. Koti la nje likiwa zito utalibeba mkononi nusu ya siku.

Kanuni ninayoifuata: kila tabaka liwe la heshima likibaki peke yake. Ukivua sweta mgahawani, fulana ya ndani isionekane kama nguo ya kulalia. Kwa hiyo chagua rangi mbili au tatu zinazopatana, nyeusi, bluu ya bahari, kijivu, na rangi yako ya furaha uiweke shingoni.

Suruali: jinzi moja inatosha, na usiipange kwa siku ya mvua. Jinzi ikiloa inachukua siku mbili kukauka ndani ya nyumba za kule. Suruali nyingine mbili ziwe za kitambaa chepesi kilichochanganywa na polista, na taitsi moja ya joto ya kuvaa chini yake. Kwa dada na mama zetu wa baibui na madira: taitsi ya joto chini inatosha kabisa, hakuna haja ya kubadili vazi. Ila pindo lipandishwe vidole vitatu. Pindo linaloburura hunyonya maji ya barabarani na kuyapandisha hadi magotini, na likishaloa linapiga mguu kila hatua.

Hatua ya 4: Tafuta koti mtumbani kabla hujaondoka

Watu husema, nitanunua hukohuko. Unaweza, na mtaa wa Oxford una maduka ya bei nafuu kama Primark. Lakini utafika na fulana uwanja wa ndege, na siku ya kwanza utaitumia dukani badala ya kutembea. Zaidi ya hapo, makoti yaleyale yako kwenye masoko ya mitumba: Karume ya Dar, Memorial ya Moshi, Gikomba ya Nairobi na Kongowea ya Mombasa. Sehemu ya nguo ambazo maduka ya hisani ya Uingereza, yale yanayouza nguo walizochangia watu, hushindwa kuuza hufungwa kwenye belo na kuletwa Afrika. Unanunua koti lililokwisha kuishi kwenye mvua ileile unayoiendea.

Nenda siku ya kufungua belo, asubuhi, na uvae sweta yako nene. Ndiyo, kwenye joto. Koti lijaribiwe juu ya sweta, la sivyo utanunua dogo. Likiwa mwilini, nyoosha mikono mbele kama unayeshika usukani wa baiskeli. Mkono wa koti ukipanda juu ya kifundo, liache.

Kisha ligeuze ndani nje. Juu ya mishono tazama kama kuna utepe mwembamba unaong'aa. Utepe huo huziba matundu ya sindano. Pitisha kidole toka begani hadi kwapani. Ukibanduka hata sehemu moja, maji yatapita hapohapo, na mabega ndiyo yanayopigwa na mvua kwanza. Angalia pia ngozi ya ndani ya kitambaa: ikiwa inatoka vipande vyeupe kama magamba ya samaki, koti limezeeka, halizuii tena maji hata kama nje linaonekana jipya. Mwombe muuzaji maji kidogo, dondosha matone matatu begani, subiri dakika mbili. Yakikaa juu kama lulu, lipia. Yakiingia na kuacha doa jeusi, mrudishie kwa heshima.

Mwisho, zipu. Ipandishe na kuishusha mara tano, hadi kidevuni. Fundi wa Karume anaweza kubadilisha zipu ya koti, lakini akitoboa upya kitambaa kile, kinga ya maji pale inapungua.

Hatua ya 5: Viatu, usifanye mzaha navyo

Utatembea. Kutoka Tower ya London kufuata mto hadi Westminster ni zaidi ya kilomita 4, na utavuka madaraja ukirudi. Mguu ukiloa saa 4 asubuhi, siku imeharibika.

Beba jozi mbili tu. Moja ni buti fupi au kiatu cha ngozi kinachofunga kifundo, chenye soli ya mpira yenye meno. Nyingine ni raba za kutembelea, zisiwe za kitambaa cha wavu upande wa juu. Wavu hupitisha manyunyu kana kwamba hukuvaa kitu. Meno ya soli yana kazi yake Oktoba. Barabara nyingi za London zina miti yenye majani mapana kama kiganja, na yakianguka yakaloa yanateleza kama bamia. Nimemwona mzee wa makamo akianguka mbele ya stesheni kwa sababu hiyo, viatu vyake vya soli laini kabisa.

Namba ni zao: 42 yetu ni 8 yao. Kiatu kijaribiwe na soksi nene. Soksi ziwe jozi tano, tatu za sufu au mchanganyiko wa sufu, mbili nyembamba, na jozi moja isiyovaliwa ikae ndani ya mfuko wa nailoni kwenye begi la mgongoni kila siku. Jozi hiyo ya akiba imeniokoa mara mbili. Ndala beba pia, za ndani ya nyumba, sakafu za kule ni baridi.

Hatua ya 6: Kanga, kofia na vitu vidogo

Katika vyote ninavyobeba, kinachofanya kazi nyingi kuliko uzito wake ni kanga. Ndani ya ndege najifunika. Uwanja wa ndege naikunja inakuwa mto. Barabarani naizungusha shingoni mara mbili, ncha naziingiza ndani ya koti, na upepo wa Waterloo hauna pa kupita. Mvua ikinikuta bila kofia inapanda kichwani. Usiku naifua kwa mkono, asubuhi iko kavu, kwa sababu ni nyembamba. Mwanamume afanye hivyo kwa kikoi. Siku ya baridi kali skafu ya sufu inashinda kanga, sikatai, lakini skafu haigeuki shuka wala mswala.

Kofia ya sufu inayofunika masikio, moja. Glavu nyembamba jozi moja, kwa anayekwenda baada ya tarehe 15. Mapema zaidi mifuko ya koti inatosha. Mafuta mazito ya ngozi na ya midomo, kopo dogo: hewa ya ndani ya nyumba zinazopashwa joto ni kavu, midomo inapasuka siku ya tatu.

Mwavuli ninaubeba, mdogo wa kukunja, lakini siutegemei. Juu ya daraja la Westminster upepo ulishika mwavuli wa dada yangu kwa chini, ukaugeuza, vyuma vikavunjika viwili, na kwenye pipa la taka mwisho wa daraja tulikuta miwili mingine imetupwa imevunjika vilevile. Mwavuli ni wa vichochoro. Penye mto, vuta kofia ya koti.

Hatua ya 7: Hesabu ya wiki moja

Mimi huishia hapa: fulana za mikono mirefu tatu na za mikono mifupi mbili, sweta mbili, shati moja nadhifu au gauni moja la mwaliko, suruali tatu, taitsi moja, koti moja, viatu jozi mbili na ndala, soksi, chupi za siku sita, kanga mbili, kofia, nguo ya kulalia. Begi zima halifiki kilo 10. Katikati ya wiki nafua mara moja. Nguo ya siku ya joto isiyotarajiwa tayari iko humo, ni fulana ya mikono mifupi, usiongeze bukta.

Kinachoongeza uzito ni woga. Kila ukitaka kutia nguo ya ziada, jiulize utaivaa pamoja na ipi kati ya zilizomo. Isipopatana na angalau mbili, ibaki kabatini.

Hatua ya 8: Ijaribu kabla hujafunga begi

Vaa tabaka zote tatu, washa kiyoyozi nyuzi 18, elekeza feni kwako, kaa nusu saa bila kujitikisa. Utajua mara moja ni wapi upepo unapenya: mara nyingi ni shingoni, kiunoni sweta inapopanda, na kwenye vifundo vya miguu. Kisha zima kiyoyozi, vua tabaka moja moja ukiwa umesimama na begi mgongoni, uyatie yote ndani ya begi hilo. Yasipoingia, koti ni nene mno au begi ni dogo. Bora uligundue hilo sebuleni kwako kuliko stesheni ya Oxford Circus saa 11 jioni.

Hatua ya 9: Siku ya safari

Vaa vizito, pakia vyepesi. Buti mguuni, koti mkononi, sweta ya zipu mwilini. Ukipitia Doha au Dubai, Oktoba nje bado ni joto kali lakini ndani ya jengo kiyoyozi kinauma, na ndegeni ni hivyohivyo. Sweta na kanga zikae nawe.

Katika begi la mkononi weka seti moja kamili: fulana, chupi, soksi, suruali nyepesi. Safari yangu moja sanduku lilichelewa siku mbili kufika, na seti ile ndiyo iliyoniwezesha kutembea bila kununua chochote. Ukifika Heathrow, vua koti kabla ya kuteremka kwenye treni ya Piccadilly, ni safari ndefu na kuna joto. Treni ya Elizabeth, iliyofunguliwa 2022, ina kiyoyozi.

Hatua ya 10: Ukiwa kule

Asubuhi fungua dirisha, toa mkono nje, hesabu hadi ishirini. Kisha tazama utabiri wa saa 10 jioni, kwa sababu nguo za siku huamuliwa na saa utakayorudi. Toka ukiwa unahisi baridi kidogo. Baada ya dakika kumi za kutembea mwili utakuwa umepata joto. Ukitoka umeshapata joto tele, utaanza jasho kabla ya stesheni. Na kwenye ngazi za kushukia treni, fungua zipu mapema, usisubiri uvuje jasho.

Kukausha ni kazi. Muulize mwenyeji mashine ya joto huwashwa saa ngapi, maana nyumba nyingi huiwasha asubuhi na jioni tu, kuokoa gharama. Fua kabla ya saa hiyo, kamua nguo ndani ya taulo kavu kwa kulikunja na kulikanyaga, ndipo uzitandaze. Viatu vilivyoloa usiviweke juu ya mashine, ngozi itapasuka. Asubuhi chukua gazeti la Metro, linatolewa bure stesheni. Usiku kunjakunja kurasa zake, jaza ndani ya viatu, zibadilishe mara moja kabla ya kulala. Kufikia asubuhi vitakuwa vimekauka vya kutosha kuvaliwa na ile jozi ya soksi ya akiba.

Siku ya kurudi, fulana nyepesi na ndala ziwe juu kabisa ya begi la mkononi, uzibadilishe ndegeni kabla ya kutua. Koti mimi humwachia dada. Mgeni wake mwingine wa Oktoba atalihitaji.